Mtazame Anayeshindwa: Hotuba kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo, Kisumu

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, akina mama, vijana wa Kondele na Nyalenda, na nyinyi ndugu zetu mliotoka Siaya, Kakamega na Nakuru, hamjambo. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa kuzungumza juu ya samaki wanaopigana tangini. Kila mfugaji aliyemo humu ndani analijua jambo hili. Mtu ananunua samaki wazuri, anawaweka pamoja sebuleni, siku za mwanzo wageni wanasimama kuwatazama, na mwezi haujaisha idadi imepungua. Waliobaki, mmoja ni mnene mwenye rangi kali, wengine wamejibana pembeni. Ndipo linapokuja swali ambalo wengi wenu mmeniuliza: huyu mkorofi nimfanyeje? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini ombi langu leo ni macho yenu yahame kwa anayepiga, yaende kwa anayepigwa. Tangi lenye amani hupangwa kwa kufuata mahitaji ya yule anayeshindwa, na wengi wetu tumekuwa tukilipanga kwa kumfuata yule tunayempenda kwa rangi yake.

Nianze na ziwa letu, Victoria, maana liko hapa karibu na lina mengi ya kutufundisha. Kwenye mwambao wa mawe, kule visiwani Rusinga na Mfangano, wanaishi fulu, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi. Dume la fulu hujitwalia eneo lake kati ya mawe, mahali pa kuwavutia majike. Dume mwingine akikaribia, mwenye eneo hujitokeza, hutandaza mapezi, hujitikisa, hugeuza ubavu ili aonekane mkubwa. Mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, humkimbiza mgeni, na mgeni huenda mita mbili tatu, akapotea nyuma ya mawe, na habari ikaishia hapo. Mwenye eneo hurudi kwake. Kinachomaliza ugomvi ule si kipigo. Ni kule kuondoka kwa aliyeshindwa.

Sasa mchukue dume huyo huyo umtie kwenye tangi lenye urefu wa sentimita 60. Anamkimbiza mwenzake, mwenzake anaondoka kama anavyotakiwa, lakini hajafika mbali anakuta kioo. Hana budi kugeuka, na akigeuka anaingia tena katika eneo la aliyemfukuza. Kwa dume mwenye eneo, yule ni kama amekataa kuondoka. Anapigwa tena. Anakimbia tena, anakuta kioo tena, na hivyo hivyo mchana kutwa. Samaki hawa hawakubadilika tabia walipotoka ziwani. Sisi ndio tuliowaondolea njia ya kutokea. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wauzaji wanaomwambia mteja kwamba samaki fulani ana roho mbaya. Nimeona samaki aliyerudishwa dukani kwa jina hilo, akapewa tangi refu lenye mawe, akaishi na wenzake kwa utulivu.

Ukitaka kumsaidia anayeshindwa lazima kwanza umtambue, na hapa ndipo wengi tunapopita haraka, kwa sababu samaki anayeonewa hujificha. Mtafute juu, kwenye kona, nyuma ya hita au nyuma ya bomba la filta, karibu na uso wa maji. Yuko huko kwa sababu sehemu ya chini, yenye mawe na mapango, imeshatwaliwa. Rangi yake imefifia, au imekuwa nyeusi isivyo kawaida. Mapezi ameyabana mwilini. Anapumua haraka. Wakati wa chakula huja mwisho, hunyakua chembe moja na kukimbia. Angalia mapezi yake kwa makini: pezi lililoumwa huwa limekatwa, na kingo zake ni safi, pezi linaloozeshwa na bakteria huanza na ukingo mweupe unaolika kidogo kidogo. Tofauti hiyo itawaokolea pesa nyingi za dawa.

Nasema hivyo kwa sababu hofu ya muda mrefu ni ugonjwa kwa samaki. Mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli, kama wetu unavyofanya tukiwa na wasiwasi, na homoni hiyo ikibaki juu siku baada ya siku, kinga ya mwili hushuka. Ndipo vinapotokea vile vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi, vinavyoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Mfugaji anakimbilia dawa, vidoa vinaondoka, baada ya wiki chache vinarudi. Mfugaji anasema dawa ni bandia. Dawa huenda ilikuwa nzuri tu. Aliyekuwa akimpiga samaki bado alikuwa mle ndani, na hakuna aliyemshughulikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote na kabla ya kutia wavu majini, keti mbele ya tangi kwa utulivu robo saa hivi, kabla ya kulisha na baada ya kulisha. Angalia nani anaanza, anamfuata nani, na ni wapi hasa. Maana si kila kukimbizana ni jambo moja.

Kuna samaki anayekula mwenzake, na hilo silihesabu kuwa ugomvi. Samaki malaika mzima humeza samaki mdogo aitwaye neoni tetra, na samaki aitwaye oska hufika sentimita 30 na zaidi, akimeza kila kinachoingia kinywani. Sisi wa kando ya ziwa tuna majaribu yetu zaidi. Mtoto analetewa kamongo mdogo, yule samaki mwenye mapafu, kutoka ufuoni, au mumi (kambare) mdogo kutoka kidimbwini, anawekwa pamoja na gapi na moli, samaki wadogo wa mapambo. Kamongo huweza kufika mita mbili na taya zake zinauma kweli kweli. Mumi hupita mita moja na hula kila kitu kinachotembea. Hawa wafugwe peke yao au waachwe walipo. Vivyo hivyo vifaranga vya tilapia kutoka kwenye vidimbwi vya wafugaji wetu: wakiwa na urefu wa kidole wanapendeza, lakini dume akikomaa huchimba shimo mchangani kuwa kiota chake, akang'oa mimea yote na kumfukuza kila aliye karibu. Samaki anayeweza kuingia katika kinywa cha mwenzake, mapema au baadaye ataingia. Hakuna mpangilio wa mawe unaotibu hilo.

Kuna wanaodonoa mapezi. Hapa nawataja taigababi, wale wa manjano wenye mistari minne myeusi. Mtu hununua wawili au watatu, kisha analalamika kwamba wamemmaliza samaki malaika mikia na mapezi. Taigababi ni samaki wa kundi. Wakiwa sita au zaidi, na mimi napendelea wafike kumi, kukimbizana kwao mara nyingi hubaki ndani ya kundi lao. Hata hivyo usiwachanganye na beta, yule samaki mpiganaji, au gapi wenye mikia mirefu. Na kwa kuwa nimemtaja beta: madume wawili wa beta wasikae tangi moja kamwe. Dume la beta hushambulia hata sura yake mwenyewe kwenye kioo. Wanaowaweka wawili pamoja ili watoto waone wanavyopigana, nawaomba kwa dhati waache. Hakuna mchezo pale, kuna mnyama anayechanwa akiwa hana pa kukimbilia.

Kisha kuna ugomvi wa uzazi, na huu una anayeshindwa ambaye hata wafugaji wazuri humsahau, yaani jike. Fulu jike hutaga mayai kisha huyachukua kinywani. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike anayadonoa akidhani ni mayai yake, na papo hapo mbegu za dume zinamfikia kinywani. Baada ya hapo hubeba mayai, halafu vifaranga, kwa muda wa wiki tatu hivi, na siku hizo zote hali au hula kidogo sana. Anadhoofika. Lakini dume katika tangi haachi kumfuata, kwa sababu jike ameonekana na hajaondoka. Ukimwona jike mwenye kidevu kilichovimba, anayetafunatafuna na kukataa chakula, mfikirie yeye kabla ya mwingine yeyote. Mhamishe taratibu, ikiwezekana usiku akiwa ametulia, kwenye tangi dogo lenye maji yaliyotoka tangi lile lile. Baada ya kuwatema watoto mpumzishe, mlishe ashibe kwa siku kadhaa, ndipo umrudishe. Majike wengi wanaokufa katika matangi yetu bila sababu kujulikana wamekufa kwa kuchoka.

Sasa nataka tukae kidogo na rangi, maana ni jambo la ziwa hili na naona fahari kulieleza. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 500 za samaki wa jamii ya fulu. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni na jeusi tumboni. Ana ndugu wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kibuluu. Watafiti waliowasoma samaki hawa wameona kwamba dume jekundu humshambulia zaidi dume jekundu mwenzake kuliko lile la kibuluu. Mwaka 2004 Ole Seehausen na Dolph Schluter walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata ziwani, madume wa rangi moja hawapendi kuwa majirani. Rangi tofauti ndizo hukaa karibu karibu. Sababu yake si ngumu: mwenye rangi kama yangu ndiye anayegombea majike ninaowataka mimi.

Hili lina faida kubwa kwenu. Mfugaji anayependa wekundu hununua madume wanne wekundu, akiamini kwamba wanaofanana wataelewana. Hao ndio watakaopigana zaidi. Ukitaka madume wa rangi katika tangi moja, chagua mmoja mwekundu, mmoja wa kibuluu, mmoja wa manjano, wasiofanana kwa umbo wala mistari. Na usidhani ni fulu tu wenye tabia hii. Sikilidi wa Ziwa Malawi wako hivyo hivyo: wa manjano kwa wa manjano, wenye mistari kwa wenye mistari.

Na samaki hutazama. Wala simpambi samaki kwa sifa asizo nazo, ni jambo lililopimwa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Russell Fernald na wenzake waliwasoma kwa miaka mingi Astatotilapia burtoni, ndugu wa fulu anayetoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Fernald walichapisha jaribio hili: dume aliwekwa mahali pa kutazama tu, akawaona madume watano wakishindana wawili wawili, wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, hivyo hadi wa tano. Kisha akapewa nafasi ya kusogea karibu na wa pili au wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakikutana. Alikwenda kwa wa nne. Alikuwa ameunganisha mwenyewe nani dhaifu kuliko nani.

Fikirieni maana yake sebuleni kwako. Samaki anayepigwa mbele ya wote, kila siku, mahali peupe pasipo jiwe la kumkinga, anajulikana na tangi zima kwamba ni mnyonge. Isitoshe, samaki aliyeshindwa mara moja huelekea kushindwa tena hata anapokutana na mpinzani wa kiasi chake. Naamini hilo ndilo linaloeleza kwa nini kipigo cha mmoja hugeuka kipigo cha kundi: leo anafukuzwa na dume mkubwa, kesho hata wadogo wanamdonoa.

Fernald na wenzake waliona na jambo jingine. Dume mkubwa akiondolewa, aliyekuwa chini yake hupandisha rangi kwa dakika chache tu, akaanza kufukuza wengine. Dakika, si siku. Basi wewe unayesema utamtoa mkorofi ili amani irudi, jua kwamba mara nyingi utakuwa umemsimika mwingine. Nimeona matangi ambayo mwenyewe amewatoa wakorofi mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki na samaki mmoja, na yule mmoja mtulivu kabisa, kwa kuwa hana wa kugombana naye.

Turudi basi kwenye tangi lenyewe. Wengi hujenga rundo moja la mawe katikati, lenye pango moja zuri, na kuacha pande zote wazi. Tangi la namna hiyo linampa mshindi kila kitu. Anakaa katikati, anaona kona zote nne, na hakuna anayeweza kupita bila kuonekana. Vunja upeo wake wa macho. Panga marundo mawili au matatu yaliyotengana, yapande mpaka karibu na uso wa maji, ili samaki akizunguka nyuma ya rundo awe ametoweka kweli. Mapango yawe mengi kuliko samaki. Na kila pango liwe na njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea, kwa sababu pango lenye mlango mmoja ni mtego: mnyonge akiingia, mkubwa anasimama mlangoni, na hapo ndipo anapouawa.

Vifaa havina gharama kubwa. Sokoni Kibuye kuna vyungu vya udongo visivyopakwa rangi. Kivunje upande, kilaze, utapata pango. Vipande vya mabomba ya plastiki kutoka duka la hadiwea vinafaa sana kwa samaki wadogo, visuguliwe kingo zisikate. Mawe ya kawaida magumu, yaliyooshwa na kumwagiwa maji ya moto, yanatosha. Uyaweke juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, sikilidi watachimba chini yake na jiwe litaangukia samaki au kuvunja kioo. Kwa gapi, moli na wengine wanaoishi juu, mimea inayoelea ndiyo kificho chao, si mawe. Na mnapowaagiza mafundi wa vioo wawatengenezee tangi, ombeni urefu kuliko kimo. Tangi la sentimita 120 lenye kimo cha kawaida ni bora kwa amani kuliko tangi refu la kwenda juu lenye lita zile zile, hata kama lile la kwenda juu linapendeza zaidi hotelini.

Nisemeje kuhusu idadi? Idadi mbaya kuliko zote ni mbili. Madume wawili wa sikilidi katika tangi dogo, au dume mmoja na jike mmoja, maana yake ni mmoja kubeba hasira zote za mwenzake. Weka dume mmoja na majike watatu au wanne, ili kufuatwa kugawanyike na kila jike apate kupumzika. Wafugaji wa samaki wa Malawi huko nje wana njia ya kinyume: hujaza samaki wengi, hata dume mkubwa anashindwa kumwandama mmoja kwa muda. Njia hiyo hufanya kazi, sikatai. Lakini inadai filta yenye nguvu, maji kubadilishwa kila wiki bila kukosa, na pampu isiyozimika. Hapa kwetu stima hupotea. Tangi lililojaa likikaa usiku mzima bila hewa kupulizwa, asubuhi utawakuta wote juu, wakubwa kwa wadogo. Asiye na pampu ya betri asiijaribu njia hiyo. Afadhali samaki wachache na mawe mengi.

Msaada mwingine ambao watu huudharau ni samaki watulivu wa juu, kama danio, wanaoogelea wazi wazi kwa kundi. Samaki waoga hupima usalama kwa kuwatazama wenzao. Wanapoona kundi linaogelea juu bila hofu, hutoka mafichoni. Nawapenda sana danio kwa kazi hii katika matangi ya sikilidi wadogo wasioweza kuwameza, maana ni wepesi, hawakamatiki.

Kuhusu wageni: sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangini ni kinyume. Mgeni anaingia katika maeneo ambayo yameshagawanywa. Kwanza mtenge katika tangi lake kwa wiki mbili hadi nne, uhakikishe hana ugonjwa. Siku ya kumwingiza, walishe wenyeji washibe, kisha uhamishe mawe yote, uyapange upya. Ramani ya zamani ikifutika, kila mmoja anaanza kutafuta mahali, na mgeni anakuwa mmoja wa watafutaji. Waingize wageni kadhaa pamoja badala ya mmoja mmoja, uzime taa, uache usiku upite. Na unapoanzisha tangi jipya, waingize wapole kwanza, wakali mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mkali ndiye mwenye rangi na wana haraka ya kumwona.

Chakula na maji nitavipitia upesi. Lisha kidogo kidogo, pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, ili mmoja asiweze kulinda chakula chote. Usiliweke tangi dirishani. Jua letu la Kisumu hupandisha joto la maji, na maji yakipita nyuzi 28 samaki huchangamka kupita kiasi na hewa majini hupungua. Maji ya mfereji yatolewe klorini kabla ya kutumiwa. Maji machafu humwumiza kwanza yule ambaye tayari ana majeraha.

Je, mkorofi asiguswe kabisa? Yapo mazingira ya kumgusa. Kama umeongeza mapango, umepunguza madume wanaofanana, na bado mmoja anawaandama wengi, mtoe yeye. Mweke peke yake wiki moja, upange mawe upya, kisha umrudishe usiku kama mgeni. Mara nyingi hurudi akiwa mdogo kwa tabia, kwa kuwa eneo lake halipo tena. Lakini kama ni tangi zima linalomwandama mmoja, mtoe yule mmoja, mtibu, umtafutie mahali pengine. Huyo hawezi kusubiri mpango wako. Na ukikuta samaki amechanwa hata hawezi kukaa wima, usingoje kesho.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote niliyosema. Mtu akishindwa na samaki mkali, humwonea huruma, akambeba kwenye ndoo hadi Mto Kibos au ufuoni, akamwachia. Anaamini amemrudishia uhuru wake. Ndugu zangu, watu wa ziwa hili ndio wa mwisho duniani wanaostahili kufanya hivyo. Mbuta (sangara) hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kishindo, huku fulu wakitoweka, aina kwa mamia. Ngege, tilapia wa asili wa ziwa hili, Oreochromis esculentus, aliyekuwa chakula cha wazee wetu, alisukumwa na tilapia wa Naili aliyeingizwa pia katika miaka ya 1950. Leo ukimtaka itabidi umtafute katika vimaziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya. Kule Naivasha, kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani waliingizwa mwaka 1970, na mimea ya ziwa lile ikaona cha moto. Hakuna aliyefanya haya akiwa na nia ya kuharibu.

Samaki wa tangi huenda na vimelea vyake, na anaweza kuzaana na walioko au kuwala. Fulu waliobaki hawana nafasi ya kupokea kosa jingine. Na hata ukiwa na hamu ya kuwafuga fulu wenyewe, usiwatoe ziwani kiholela. Waone maafisa wa uvuvi wa kaunti wakueleze taratibu.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hapa leo. Mwenye samaki aliyemshinda asimpeleke mtoni. Amrudishe kwa muuzaji, au abadilishane na mwenzake aliyemo katika chumba hiki, au aniletee mimi. Ninalo tangi tupu la lita 200 kwa kazi hiyo, lina mawe, lina vyungu, na maji yake yako tayari. Wenye nafasi kama hiyo Kakamega na Nakuru naomba mmwachie mwenyekiti majina yenu kabla hamjaondoka, ili mfugaji wa huko asilazimike kusafiri na ndoo mpaka Kisumu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.